Viungo vya mimea katika chakula cha kuku wa nyama: namna ya kuvichagua, kuvikausha na kuvipima kwa wafugaji wa Mwanza

Kuku wa nyama huishi bandani wiki tano au sita tu, na katika muda huo mfupi chakula peke yake humeza takriban theluthi mbili ya gharama zote za mfugaji. Kwa hiyo kila kinachoingizwa kwenye gunia la chakula, hata kama ni kitunguu saumu kilichotoka jikoni, ni sehemu ya hesabu ya biashara na kinapaswa kupimwa kwa mizani kama pumba na dagaa vinavyopimwa. Mwongozo huu unahusu viungo vichache vya mimea ambavyo mfugaji wa Buhongwa, Kisesa, Igombe au Sengerema anaweza kuvipata bila shida: kitunguu saumu, manjano, tangawizi, mlonge na vingine viwili vitatu. Unaeleza jinsi ya kuvichagua, kuvikausha, kuvichanganya na, jambo ambalo wengi hawalifanyi, jinsi ya kujua kama vimeleta faida. Msimamo wake ni mmoja: viungo hivi husaidia utumbo wa kuku mzima aliye katika banda safi, na havimponyi kuku aliyekwisha kuugua.

Mimea inafanya nini ndani ya kuku

Tangu miaka ya 1950 viwanda vya chakula cha mifugo katika nchi nyingi vilizoea kuchanganya viuavijasumu (antibiotiki) kidogo kidogo kwenye chakula cha kuku wazima, kwa sababu ilionekana kwamba kuku hukua haraka zaidi. Gharama ya mazoea hayo ilijitokeza baadaye, pale bakteria walipojenga usugu na dawa zilezile zikaanza kushindwa kutibu wanyama na hata watu. Sweden ilipiga marufuku matumizi hayo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa nchi zake zote kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Hapo ndipo watafiti wa lishe ya kuku walipoanza kuangalia kwa makini zaidi mimea ambayo bibi zetu waliiweka kwenye vyakula na dawa za nyumbani.

Kazi kubwa ya mimea hii hufanyika kwenye utumbo. Mafuta yenye harufu kali yaliyomo ndani yake huharibu utando wa nje wa baadhi ya bakteria, huchochea utokaji wa nyongo na vimeng'enya vya kusagia chakula, na baadhi yake hulinda chembe za mwili zisiharibiwe wakati kuku yuko katika joto kali au msongamano. Utumbo ukiwa na ukuta mzima na bakteria wasiozidi kiasi, kuku hufyonza zaidi kutoka kwenye kilo ileile ya chakula na kinyesi chake huwa kikavu.

Ni lazima isemwe pia kwamba matokeo ya tafiti hayalingani. Kitunguu saumu kimeongeza uzito katika majaribio fulani na hakikubadili chochote katika mengine, na sababu zinaeleweka: mmea mmoja hutofautiana nguvu kulingana na udongo, umri wa kuvuna na namna ulivyokaushwa, na kuku anayeishi katika mazingira mazuri kabisa hana nafasi kubwa ya kuboreka. Faida huonekana zaidi pale ambapo kuku wana kero ndogondogo za utumbo, hali ambayo kwa kweli ndiyo ya mabanda mengi ya mjini kwetu.

Kabla ya kununua kiungo chochote

Yapo mambo matatu ambayo yasipokuwa sawa, fedha ya viungo itakuwa imetupwa ziwani. La kwanza ni maji. Wafugaji wa mwambao wanaochota maji moja kwa moja kutoka ziwani wajue kwamba Ghuba ya Mwanza hupata vipindi vya mwani wa kijani, na baadhi ya viumbe vinavyofanya maji yawe kijani hutoa sumu inayodhuru ini. Hakuna kitunguu saumu kinachoondoa sumu hiyo, wala klorini haipaswi kutegemewa kuiondoa, kwa hiyo maji yaliyogeuka rangi hayafai kabisa kwa kuku. Maji ya ziwa yanayoonekana masafi nayo yatibiwe kwa klorini kabla ya kutumika.

La pili ni matandazo. Maranda au maganda ya mpunga yaliyolowa hutoa hewa ya amonia inayochoma macho na koo la kuku, na ndimo vimelea vya kokidiosi, ugonjwa wa kuhara damu, hukomaa. Ukiingia bandani asubuhi na macho yako yakawasha, tatizo liko sakafuni na kwenye madirisha. Liondoe hapo kwanza.

La tatu ni chanjo. Ratiba inayotumiwa na wafugaji wengi ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14 na kideri tena siku ya 21, ingawa mtaalamu wa eneo lako anaweza kuirekebisha kulingana na hali ya magonjwa na maelezo ya chanjo yenyewe. Kideri na gumboro husababishwa na virusi, na hakuna jani, mzizi wala maji ya mshubiri yanayoweza kuchukua nafasi ya chanjo hizo. Ufukweni kuna tahadhari nyingine: ndege wa majini hubeba magonjwa, na mwezi Januari mwaka 2017 homa ya mafua ya ndege iligunduliwa upande wa Uganda wa ziwa hilihili, ikiwemo miongoni mwa ndege pori. Wavu madirishani na chakula kisichomwagwa nje vina thamani kuliko kiungo chochote katika jambo hili.

Kuchagua viungo

Kitunguu saumu ndicho ningependekeza mfugaji aanze nacho. Nguvu yake hutokana na kiambata kiitwacho alisini, ambacho hakimo ndani ya kitunguu kizima bali huundwa pale tu punje inapokatwa au kupondwa na kimeng'enya chake kukutana na kiini kilichokuwa kimetengwa nacho. Kimeng'enya hicho huharibiwa na moto. Ndiyo maana kitunguu saumu kilichochemshwa au kukaangwa hubaki na harufu ya jikoni bila uwezo wa maana. Vitunguu vingi vinavyouzwa katika masoko yetu hutoka nyanda za juu za Mbulu na jirani zake. Chagua vilivyo vikavu na vigumu, visivyoota, na visiwe na unga mweusi wa ukungu chini ya maganda.

Manjano huja ya pili. Kiini chake, kurukumini, hufyonzwa kwa shida na mwili, lakini hilo si kasoro kubwa kwa kuku wa nyama kwa sababu tunachotaka ni kifanye kazi palepale kwenye utumbo. Zipo pia tafiti zilizoonyesha kwamba manjano hupunguza madhara ya aflatoksini, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye ini la kuku. Jambo hili lisichukuliwe kama ruhusa ya kulisha mahindi yenye ukungu. Lichukuliwe kama nyongeza ya kinga kwa sumu ndogo ambayo macho hayaioni. Nunua manjano mazima yaliyokauka na uyasage mwenyewe. Unga uliokwisha kusagwa ni rahisi kuongezewa unga wa mahindi na rangi, na katika nchi nyingine imewahi kuthibitika kwamba wafanyabiashara walitia rangi yenye madini ya risasi ili manjano yang'ae.

Tangawizi hufanya kazi inayokaribiana na ya manjano, kwani mimea hii ni ya ukoo mmoja. Huchochea usagaji wa chakula na huonekana kuwasaidia kuku nyakati za joto. Ukiwa na fedha ya kiungo kimoja tu kati ya hivyo viwili, nunua kilicho bei nafuu msimu huo, wala usisumbuke zaidi.

Mlonge ni habari nyingine, kwa kuwa majani yake ni chakula chenyewe, si kiungo tu. Majani makavu yana protini ya takriban asilimia 25 hadi 30, madini na rangi asilia ambazo huipa ngozi na miguu ya kuku unjano kidogo ambao wanunuzi wengi huupenda. Wafugaji husikia kiwango hicho cha protini na kukimbilia kuujaza mlonge kwenye gunia ili kupunguza mashudu au dagaa. Hapo ndipo wanapoumia: majani yana nyuzinyuzi nyingi na viambata vinavyozuia ufyonzwaji, na kuku wa nyama aliyepewa zaidi ya asilimia 10 hupungua ukuaji badala ya kuongezeka. Nashauri asilimia 2, na isizidi 5 kwa hali yoyote. Mti wenyewe hustahimili ukame na hukua haraka, kwa hiyo mwenye kiwanja Usagara au Magu hana sababu ya kununua unga wa mlonge dukani. Apande miti michache pembeni mwa banda.

Pilipili kichaa inafaa kwa kiasi, na hapa pana jambo la kuvutia: ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi, kwa sababu kipokezi cha ukali mwilini mwao hakiitikii kiini cha pilipili. Atakayeumia ni msagaji, kwa hiyo afunge pua na macho.

Mwarobaini unahitaji tahadhari kuliko yote. Ni mchungu, na kuku wa nyama aliyelelewa ili ale sana hupunguza kula mara chakula kikiwa kichungu, jambo linaloua faida yote. Kwa kiwango kikubwa huweza kudhuru ini. Anayetaka kuutumia asizidishe gramu 2 za unga wa majani kwa kilo ya chakula, asiwape vifaranga, na auondoe wiki moja kabla ya kuuza. Mshubiri nao una utomvu wa njano chini ya ganda ambao huharisha. Kinachofaa ni ute mweupe wa ndani peke yake, uliosafishwa vizuri. Binafsi sioni kwa nini mfugaji wa kuku wa nyama ahangaike na mimea hii miwili ilhali kitunguu saumu na manjano vipo.

Ipo pia mimea ambayo isikaribie banda kabisa. Majani, maganda na kokwa za parachichi ni sumu kwa ndege. Mbegu za mnyonyo na za mbono ni sumu kali. Tumbaku, ambayo baadhi ya watu huiloweka kwenye maji wakidai inatoa minyoo, inaweza kuua kuku mara moja. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi.

Kukausha na kusaga

Miamba ya Mwanza ni mahali pazuri pa kuanikia dagaa na udaga, lakini haifai kwa viungo. Jiwe likipigwa na jua la mchana hupata joto linalofukuza mafuta yenye harufu, na mwanga mkali huharibu kurukumini na kuyapausha majani ya mlonge. Viungo hukaushwa kivulini, mahali penye upepo, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa kitambaa chepesi ili nzi na vumbi visitue. Usivianike karibu na dagaa, kwa sababu dagaa wa ufukweni huwa na mchanga na bakteria wa salmonela.

Menya kitunguu saumu na ukikate vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3. Tangawizi na manjano mabichi yaoshwe, yakwanguliwe udongo na kukatwa hivyohivyo. Majani ya mlonge yaoshwe, yakung'utwe maji na kutandazwa tabaka moja jembamba, maana yakirundikana hupata joto na kugeuka meusi. Katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, vipande hukauka kwa siku tatu hadi tano. Msimu wa mvua kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa unyevu wa ziwa hufanya vipande vilivyokuwa vimekauka mchana vilainike tena usiku. Vitolewe nje asubuhi na kurudishwa ndani kabla ya magharibi, au kitengenezwe kikaushio cha sanduku lenye nailoni inayopitisha mwanga na matundu ya hewa, kikiwekwa kitambaa cheusi juu ya vipande.

Kipimo cha ukavu ni mlio. Kipande kilichokauka huvunjika kwa kishindo kidogo. Kikipinda bila kuvunjika, bado kina maji na kitaota ukungu ndani ya chombo. Ukungu kwenye kiungo ni hatari ileile ya aflatoksini tunayoiogopa kwenye mahindi, na kiungo chenye ukungu hutupwa, hakianikwi upya.

Saga kwa kinu cha mkono au mashine ndogo safi. Ukipeleka kwenye mashine ya nafaka ya mtaani, omba isafishwe na usage kwa awamu fupi ili mawe yasichemke. Hifadhi unga kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, uandike tarehe, na utumie ndani ya miezi miwili. Unga ambao harufu yake imekwisha, nguvu yake nayo imekwisha.

Kwa ajili ya manunuzi, kumbuka kwamba kitunguu saumu kibichi kilichomenywa hutoa takriban theluthi moja ya uzito wake kikikauka, wakati tangawizi na manjano mabichi hutoa karibu sehemu moja kwa tano tu. Anayenunua tangawizi mbichi kilo 5 atapata unga wa kilo moja hivi.

Vipimo na uchanganyaji

Siku kumi za mwanzo usiwape vifaranga kiungo chochote. Utumbo wao bado unajijenga, na wanachohitaji ni joto la nyuzi 32 hadi 33 wiki ya kwanza, maji safi na chakula cha kuanzia chenye protini ya asilimia 22 au 23. Kuanzia siku ya 11 anza na nusu ya kipimo kwa siku tatu ili wazoee harufu, kisha nenda kwenye kipimo kamili.

Mchanganyiko ninaoupendekeza ni gramu 5 za unga wa kitunguu saumu na gramu 3 za unga wa manjano kwa kila kilo ya chakula. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni gramu 250 za kitunguu saumu na gramu 150 za manjano. Tangawizi inaweza kushika nafasi ya manjano kwa kipimo hichohicho. Mlonge, kama unautumia, uingie kuanzia wiki ya tatu kwa kilo moja kwa gunia. Kuzidisha vipimo hivi hakuongezi faida. Huongeza harufu, na kuku huanza kuchagua chakula.

Kuku mmoja wa nyama hula takriban kilo 3 kati ya siku ya 11 na mwisho wa wiki ya tano. Mwenye kuku 100 atatumia basi magunia sita yenye viungo, sawa na kilo moja na nusu ya unga wa kitunguu saumu na gramu 900 za manjano. Chukua bei za soko la Kirumba au la karibu nawe siku hiyo, ugawanye kwa kuku 100, na utajua kila kuku anabeba shilingi ngapi za kiungo. Namba hiyo iandike, tutaihitaji mbele.

Gramu 400 hazisambai vizuri katika kilo 50 kwa kumwaga tu juu na kugeuza kwa koleo. Changanya kwanza viungo na kilo 2 za chakula kwenye beseni mpaka rangi iwe moja, halafu ongeza mpaka kilo 10, kisha ndipo umwage kwenye lundo lililobaki na kuligeuza mara nne au tano juu ya turubai safi. Manjano husaidia hapa, kwa sababu penye madoa ya njano macho yanakuambia kwamba kazi haijaisha.

Wanaonunua chakula cha punje kutoka kiwandani wana shida ya ziada: unga wa viungo haugandi kwenye punje, hushuka chini ya chombo na kuku hawaugusi. Nyunyizia mafuta ya alizeti mililita 250 hadi 500 kwa gunia, geuza, kisha ndipo uongeze viungo. Chakula chenye mafuta ya namna hii kilishwe ndani ya siku tatu au nne, kwa maana mafuta yakichacha hudhuru kuliko kiungo kinavyosaidia. Soma pia lebo ya gunia. Vyakula vingi vya viwandani vina kinga ya kokidiosi tayari, na mfugaji anapaswa kujua kuku wake wanakula nini kabla hajaongeza lake.

Anayejichanganyia chakula mwenyewe asisahau kwamba kiungo hakirekebishi chakula kibovu. Soya isiyokaangwa ina kizuizi cha usagaji wa protini, mashudu ya pamba, ambayo ni mengi kanda yetu, yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, inayohitaji kuwekewa kikomo, na dagaa wa soko la Mwaloni wenye mchanga hupunguza protini halisi ya kilo uliyolipia. Chekecha dagaa kwanza, halafu ndipo ufikirie manjano.

Kutumia maji badala ya chakula

Wapo wanaopenda kuponda kitunguu saumu na kukitia kwenye maji. Njia hii inafaa siku za joto, kuku wanapokula kidogo na kunywa sana. Ponda gramu 5 hadi 10 za punje mbichi kwa lita moja ya maji, uache dakika kumi baada ya kuponda ili alisini iundwe, chuja kwa kitambaa, na uwape asubuhi. Baada ya saa sita mwaga yaliyobaki na uoshe vyombo kwa brashi, kwa kuwa mabaki ya mimea hutengeneza utelezi ambamo bakteria huzaana.

Siku za chanjo ya maji njia hii ni marufuku. Chanjo za kideri na gumboro za kunywesha zina virusi hai, na kitu chochote chenye uwezo wa kuua vijidudu, iwe klorini ya maji ya bomba au kitunguu saumu, kinaweza kuiua chanjo kabla haijamfikia kuku. Acha kuweka kitu chochote kwenye maji tangu siku moja kabla mpaka siku moja baada ya chanjo. Kwa chanjo tumia maji yasiyo na klorini, au ongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita na kusubiri dakika kama kumi na tano kabla ya kutia chanjo.

Kujua kama kuna faida

Mfugaji akiwapa kuku wote viungo na wakakua vizuri, hajui bado kama ni viungo, au ni vifaranga wazuri, au ni hali ya hewa ya mwezi huo. Njia ya kujua ni kuligawa banda. Ukiwa na kuku 200 wa siku moja na wa chanzo kimoja, weka ukuta wa wavu katikati, 100 kila upande, vyombo sawa, taa sawa, chakula kutoka gunia moja. Upande mmoja uongezewe viungo na mwingine usiongezewe. Andika kila kilo ya chakula inayoingia kila upande na kila kuku anayekufa.

Pima uzito kila wiki, saa ileile ya asubuhi kabla ya kulisha. Usimkamate kuku aliye karibu na mkono wako, kwa sababu anayekamatika kirahisi mara nyingi ni dhaifu. Zungushia kipande cha wavu kundi la kuku 20 au zaidi kwenye kona na uwapime wote waliomo, wakubwa kwa wadogo.

Mwishoni gawanya kilo za chakula kilicholiwa kwa kilo za uzito ulioongezeka. Tuchukue mfano wa kubuni: kila upande umekula kilo 330. Upande wa viungo umetoa kilo 186 za kuku hai, na upande mwingine kilo 178. Ukitoa kilo 4 za uzito wa vifaranga wa siku ya kwanza, unabaki na 182 na 174. Upande wa viungo umetumia kilo 1.81 za chakula kwa kila kilo ya kuku, na mwingine kilo 1.90. Tofauti ni kilo 8 za kuku hai. Zidisha kwa bei ya kilo, kisha utoe gharama ya viungo uliyoiandika. Kikibaki kitu cha maana, endelea. Kisipobaki, nunua maranda mapya.

Kundi moja halitoshi kutoa hukumu. Upande wa ziwani wa banda unaweza kuwa na upepo zaidi kuliko upande wa pili, na tofauti ndogo ya uzito ikatoka huko. Kundi linalofuata badilisha pande, na makundi mawili au matatu yakisema jambo moja, hapo una jibu la banda lako, ambalo kwako lina uzito kuliko majedwali ya utafiti uliofanywa kwingine.

Kuku akiugua

Kinyesi chenye damu, kuku waliokunja mabawa na kujikusanya, vifo vinavyozidi vya kawaida kwa siku mbili mfululizo, shingo iliyopinda au mlio wa pua: dalili hizi zikionekana, simamisha viungo vyote siku hiyohiyo na umwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Kokidiosi hutibiwa kwa dawa yake, kama amproliamu, na kila saa inayopotea mtu akiponda vitunguu ni ukuta wa utumbo unaoendelea kubomoka. Viungo visitolewe sambamba na dawa, kwa sababu baadhi ya mimea hubadilisha kiasi cha dawa kinachofyonzwa, na daktari hataweza kujua kilichofanya kazi ni kipi. Kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo ya dawa kiheshimiwe kabla ya kuuza nyama, na kitunguu saumu hakikifupishi.

Tahadhari pia na unga wa miujiza unaouzwa ndani ya mifuko isiyo na jina, ukidaiwa kutibu kila ugonjwa. Dawa za mifugo zinazouzwa nchini hutakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kisicho na lebo, kipimo wala namba ya usajili hakina mtu wa kuulizwa kuku wakifa.

Kuku aliyekufa punde ndiye ushahidi bora. Mweke kwenye mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa, ndani ya ndoo yenye barafu, asigandishwe, na apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari hapa Mwanza pamoja na maelezo ya umri wa kundi, chanjo zilizotolewa, idadi ya vifo kwa kila siku na orodha ya kila ulichochanganya kwenye chakula, viungo vikiwemo. Mpaka majibu yatoke, kuku yeyote asitoke bandani kwenda sokoni na mgeni yeyote asiingie.